Tuliulize Jiwe la Tumbatu

Sogeeni, wanangu, mkeka unatosha. Nani aliuliza juu ya majumba ya mawe ya kisiwani? Wewe? Njoo ukae hapa mbele. Mwenye swali zuri hakai nyuma.

Sisi tuko Mkwaja. Kaskazini kwetu Pangani, kusini hifadhi ya Saadani, mashariki bahari. Ukisimama ufukweni unaona maji tu, maji mpaka yanagusana na mbingu. Lakini ngalawa ikiondoka hapa ikashika mashariki bila kupinda, baada ya kilomita kama 40 itakuta kisiwa. Kisiwa hicho ni Tumbatu. Kimekaa ubavuni mwa Unguja, juu kaskazini, na upande wake wa magharibi unatuelekea sisi. Wengi wanadhani Tumbatu ni mbali, kwa kuwa siku hizi watu hufika huko kwa kupitia Dar es Salaam na mjini Unguja. Mwenye tanga na upepo mzuri anajua kuwa ni jirani zetu.

Kusini mwa kisiwa hicho kuna kijiji kinaitwa Jongowe. Karibu yake, pwani, pana mahali paitwapo Makutani. Hapo pana msikiti mkubwa wa mawe, umebomoka. Nyuma yake kuna nyumba za mawe, moja baada ya nyingine, zimemezwa na vichaka. Mizizi imeingia katikati ya kuta. Paa hakuna. Milango imebaki matundu. Zaidi ya miaka 600 imepita tangu mji ule ufe.

"Mjomba, sasa nani aliujenga?"

Umeuliza vyema. Lakini kabla sijasema neno, semeni ninyi. Toeni dhana zenu, msione haya.

"Majitu!" anasema mdogo kabisa. "Mawe yale mazito, mtu hawezi."

"Majini! Walijenga usiku mmoja."

"Wareno," anasema aliyesoma historia shuleni.

"Bibi anasema Washirazi."

"Mimi nimesikia Wadebuli."

Wadebuli nao wamo, ndiyo. Wazee wa Pemba na Unguja husimulia habari za watu hao waliotoka ng'ambo, wakajenga misikiti, kisha wakatoweka. Haya, dhana tano. Nimefurahi, maana mtoto anayedhani ni mtoto anayefikiri. Sasa tufanyeje? Tupige kura? La. Tuliulize jiwe.

Jiwe linakohoa kidogo. Limenyamaza miaka mingi.

"Salamu zenu, watoto wa Mkwaja. Mimi ni tumbawe. Nilizaliwa baharini, hapo hapo Tumbatu, chini ya maji. Vidudu vidogo visivyohesabika vilinijenga, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Siku moja maji yalikupwa sana, wakaja watu na mashoka. Wakanikata. Mnajua kwa nini walinikata nikiwa bado na maji mwilini? Kwa sababu tumbawe bichi ni laini. Fundi anamchonga kwa tezo, anampa pembe, anamwekea ua, anamfanya ukingo wa mlango au upinde wa kibla. Kisha akiachwa juani anakauka. Akishakauka, amekauka. Nimekuwa mgumu tangu siku ile."

"Jiwe, wewe ni zito kweli? Waliokubeba walikuwa majitu?"

"Mimi? Watu wawili walinibeba, wakapumzika njiani mara moja. Na wenzangu wa ukutani ni vipande vya mwamba wa pwani, vilivyochimbwa juu ya nchi kavu. Vingi mwanamume mmoja anavibeba begani. Mnaona ukuta mnene mnafikiri ni jiwe moja. Ni mawe madogo mengi yaliyoshikwa na chokaa."

Basi majitu tuyaondoe. Na kuna jambo jingine. Katika miji ya mawe ya pwani hii, vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wake mara nyingi haufiki mita tatu. Jitu lingelala wapi?

"Mjomba, kwa nini vyembamba? Si walikuwa matajiri?"

Ah, swali hilo nalipenda kuliko yote. Kaa vizuri nikujibu polepole.

Juu ya chumba kuna dari. Dari yao ilikuwa ya mawe na chokaa, nene, nzito sana. Inashikiliwa na nini? Inashikiliwa na boriti. Na boriti ni nini? Ni mti wa mkoko, huu huu unaoota kwenye matope ya midomo ya mito yetu. Mkoko ni mgumu, mchwa hawauli haraka. Lakini mkoko ulionyooka na wenye nguvu una urefu wake. Ukiilaza boriti ndefu mno chini ya mzigo ule, inapinda, kisha inavunjika, kisha dari inawaangukia watu. Kwa hiyo fundi hakuanza kwa kuuliza, "Tajiri anataka chumba cha upana gani?" Aliuliza, "Boriti zetu zinafika wapi?" Tajiri akitaka nafasi zaidi, aliongezewa chumba kingine nyuma ya kile. Ukiingia nyumba ya namna hiyo unavuka chumba baada ya chumba, na cha ndani kabisa ndicho chenye giza na siri za wenyewe.

Chokaa nacho walikichoma wenyewe. Walipanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka. Juu yake wakamwaga matumbawe. Wakawasha moto, ukawaka usiku na mchana, mpaka mawe yakageuka unga mweupe. Kisha wakauacha unga ule ulale na unyevu, muda mrefu, ndipo uushike ukuta barabara. Mpaka leo wako mafundi pwani hii wanaochoma tanuu la chokaa kwa njia hiyo. Kazi hiyo hula kuni nyingi mno, na inataka watu wengi wenye kupokezana. Jini wa kujenga usiku mmoja angehangaika na kuni za nini? Majini nayo tuyaache yapumzike.

Na Wareno? Wareno wa kwanza, wale wa Vasco da Gama, walipita pwani hii mwaka 1498. Mji wa Makutani ulistawi katika karne ya 12 na ya 13, ukafa katika karne ya 14. Hesabuni wenyewe. Wareno walipofika, mawe ya Makutani yalikuwa yameshaota nyasi. Katika pwani yetu watu wamezoea kila gofu kuliita la Wareno, na mara nyingi sivyo.

Sasa yule wa pembeni anainua mkono. Sema, mwanangu.

"Mjomba, jiwe ni la hapa. Boriti ni ya hapa. Lakini fundi anaweza kutoka mbali akajenga kwa mawe ya hapa."

Allah akubariki! Mnasikia? Huyu hadanganyiki upesi. Amemshika mjomba wake shati. Hilo ndilo swali lenyewe, na watu wazima wenye vitabu wamebishana juu yake zaidi ya miaka 100. Meja Pearce, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa utawala wa Waingereza Zanzibar, aliandika habari za magofu ya Tumbatu katika kitabu kilichotoka mwaka 1920. Yeye na wengi wa zama zake waliona kuwa miji hii ni kazi ya wageni kutoka Uajemi na Uarabuni. Wenyeji waliandikwa pembeni, wakionekana kuwa watazamaji tu. Mimi jambo hilo linaniuma. Watoto wengi wamekua wakiambiwa kuwa wazee wao walisimama kando, mikono nyuma, wakiangalia watu wengine wakijenga.

Basi tuliulize jiwe tena. "Jiwe, chini yako kuna nini?"

"Chini yangu kuna udongo. Chimbeni taratibu."

Hapo ndipo wanapoingia wanaakiolojia, watu wanaochimba kwa mwiko mdogo na brashi, sentimita kwa sentimita. Wanasoma udongo namna hii. Mnalijua jaa la nyuma ya jiko la bibi? Maganda ya muhogo ya leo yako juu. Ya jana yako chini yake. Ukichimba zaidi utakuta kile kikombe kilichovunjika mwaka juzi, na chini kabisa huenda ukakuta chungu cha mama yake bibi. Hakuna aliyeandika tarehe, lakini jaa linajua nani alitangulia. Mji wa kale nao ni jaa kubwa, na wachimbaji wanashuka ndani yake kutoka leo kwenda juzi.

Mwingereza mmoja, Mark Horton, alichimba hivyo Shanga, mji uliokufa kwenye kisiwa cha Pate huko Kenya. Alichimba chini ya msikiti wa mawe. Akakuta msikiti mwingine. Akachimba chini ya huo. Akakuta mwingine, mdogo zaidi. Akaendelea kushuka, mpaka mawe yakaisha, yakabaki matundu ya nguzo za miti ardhini. Misikiti ya kwanza kabisa ilikuwa ya miti, kuanzia mwishoni mwa karne ya 8. Mnaona? Watu wale hawakushuka kutoka jahazini siku moja na mji wa mawe mkononi. Walianza na miti na udongo. Watoto wao wakaongeza. Wajukuu wao wakajifunza jiwe.

Horton amechimba Tumbatu pia, na wengine baada yake. Na kule, katika miji yote hii, udongo umejaa vigae. Vigae ni vipande vya vyungu vilivyovunjika. Viko vya kijani vya kung'aa kutoka China. Viko vyenye michoro iliyokwaruzwa, kutoka Uajemi. Hivyo ndivyo watu hupenda kuviweka kwenye makabati ya makumbusho. Lakini katika kila vigae 100 vya miji ya pwani hii, vya ng'ambo kwa kawaida havizidi vitano au karibu na hapo. Vingine vyote ni vyungu vya udongo wa kwetu. Vyungu vya kupikia. Mitungi ya maji. Vya kale zaidi, kabla ya Makutani kujengwa, vimechorwa pembetatu shingoni, na pembetatu hizo hizo zimeonekana kutoka Lamu mpaka Komoro, visiwani na bara ndani. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amezifuata pembetatu hizo miaka mingi. Mama aliyechora shingo ya chungu kwa ncha ya kijiti hakujua kuwa anatuachia ushahidi.

"Kwa hiyo bibi anakosea? Washirazi hawakuja?"

Polepole, mwanangu. Bibi hatumtupi hivyo.

Sikilizeni hadithi ya bibi. Zamani, katika mji wa Shirazi, palikuwa na sultani. Usiku mmoja aliota. Aliona panya mwenye mdomo wa chuma, anatafuna kuta za mji. Anatafuna, anatafuna, kuta zinaanguka. Sultani akaamka, akajua ufalme wake utakwisha. Akapakia majahazi saba, yeye na wanawe sita, wakashika bahari kwa upepo wa kaskazi. Kila jahazi likatia nanga mahali pake. Na Tumbatu wana yao tena: husimulia habari za mwana wa mfalme aitwaye Yusufu, aliyetoka Basra.

Panya wa chuma hatutampata kwenye udongo. Lakini ndani ya hadithi kuna punje. Mwaka 2023 kundi kubwa la wataalamu, akiwemo Mkenya Chapurukha Kusimba, walichapisha katika jarida la Nature habari za vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani. Mifupa ilitoka Manda, Faza na Mtwapa huko Kenya, na Kilwa, Songo Mnara na Lindi kwetu, pamoja na mahali pamoja bara.

"Vinasaba ni nini, mjomba?"

Ni ile habari ndogo iliyoandikwa ndani ya mwili wako, inayokufanya uwe na pua ya baba na vidole vya bibi. Hukaa mpaka ndani ya mfupa. Na mifupa ile ilisema nini? Kwa upande wa mama, asili ya wengi mno ilikuwa Afrika. Kwa upande wa baba, kwa wengi, palikuwa na asili ya Uajemi. Na damu hizo zilianza kuchanganyika kiasi cha mwaka 1000.

Kwa hiyo wageni walikuja kweli. Walikuja na kaskazi, wakasubiri kusi iwarudishe, na wengine hawakurudi. Wakaoa. Na walipooa, waliwakuta wakwe wenye mji wao, vyungu vyao, lugha yao. Watoto wakazaliwa wakisema lugha ya mama. Ndiyo tunayosema hapa mkekani. Bibi yako ameshika upande mmoja wa hadithi, chungu kimeshika upande wa pili. Huna haja ya kumvunjia heshima mmoja ili umsikilize mwingine.

Yuko pia shahidi aliyeandika. Jina lake Yakut, mtu wa jiografia aliyefariki mwaka 1229. Alikusanya habari za nchi nyingi kutoka kwa wasafiri na vitabu. Akaandika kuwa watu wa Unguja wamehamia kisiwa kiitwacho Tumbatu, na kuwa wakazi wake ni Waislamu. Wakati Yakut anachovya kalamu yake, Makutani ilikuwa hai. Taa zinawaka, watu wanaadhini, pweza wanaanikwa.

"Mjomba, kwa nini walihamia kisiwa kidogo wakati Unguja ni kubwa?"

Haya, hapa sasa nitawapa fumbo la kweli. Tumbatu haina maji matamu ya kutosha. Kwa miaka mingi sana watu wake walivuka mkono mwembamba wa bahari kwenda kuchota upande wa Unguja, wakirudi na mitungi chomboni. Fikirini basi. Mji mzima wa mawe, wenye msikiti mkubwa na watu wa kutawadha mara tano kwa siku, na maji yako ng'ambo! Nani anajenga mji pasipo na maji?

Dhanini.

"Walikuwa wanawaogopa adui."

Yawezekana. Mwenye kisiwa humwona anayekuja.

"Palikuwa na bandari nzuri."

Na hapo mimi niko pamoja nawe. Kati ya Tumbatu na Unguja bahari imekingwa, mawimbi makubwa hayaingii. Jahazi linalala salama. Upande wa pili wa maji, pale Mkokotoni, wachimbaji wamekuta mji mwingine mkubwa wa zama hizo hizo, wenye shanga na vigae tele. Nionavyo mimi, Makutani na Mkokotoni zilikuwa mkono wa kulia na wa kushoto wa mwili mmoja. Mmoja una udongo, maji na mashamba. Mwingine una msikiti, nyumba za mawe na macho yanayotazama bahari. Vyombo vikienda na kurudi baina yao kutwa nzima.

Kwa nini mji ulikufa? Karne ile ile ya 14 Makutani ilipofifia, kusini Kilwa ilikuwa inapanda. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule. Huenda wafanyabiashara walihamisha nanga zao. Huenda palikuwa na ugomvi. Hata hivyo watu hawakutoweka, hata kama nyumba ziliachwa. Watu wa Jongowe wanasema waliojenga Makutani ni wazee wao, na sijaona jiwe linalowabishia.

Hao Wadebuli je? Jina lao limebaki vinywani zaidi kuliko ardhini. Mawe yakiachwa peke yake, hadithi huota juu yake. Angalieni Pujini huko Pemba. Pana ngome ya karne ya 15, na watu wanasimulia kuwa mtawala wake, Mkama Ndume, alikuwa mkali hata akawalazimisha watu kubeba mawe huku wakisota kwa makalio. Ndiyo, chekeni, hata mimi nilicheka nilipoisikia mara ya kwanza. Lakini kumbukeni kuwa mtu alilisimulia hilo kwa uchungu zamani, na mgongo uliouma ulikuwa mgongo wa mtu.

"Mjomba, tunataka kuona. Tumbatu ni baharini."

Tutaanza na yaliyo njiani. Kwenye ghuba ya Tanga kuna kisiwa cha Toten, chenye gofu la msikiti na makaburi. Watu wake walihamia nchi kavu mwishoni mwa karne ya 19. Na kabla ya kufika Tanga, ukitoka Pangani, kuna Tongoni. Tongoni hakuhitajiwi ngalawa. Tutashuka kwenye gari, tutatembea kidogo, tutakuta gofu la msikiti na makaburi yapata 40, mengine yenye nguzo ndefu za mawe zilizosimama juu yake. Kagueni nguzo na kuta kwa makini. Mtakuta vishimo vya mviringo. Humo palipachikwa bakuli za China, zikametameta juani, na watu wakazing'oa kidogo kidogo mpaka yakabaki matundu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, lakini bakuli nyingi ziliondoka kabla yake.

Kwa hiyo mtabeba hivi. Mmoja achukue kamba ya kupimia, apime kutoka ukuta hadi ukuta, aone kama boriti ya mkoko ingefika. Mwingine achukue daftari achore upinde wa kibla. Mdogo kabisa atafute ukutani tumbawe lenye vijitundu, aliguse, aseme kama ni zito kama alivyodhani. Vigae mtakavyoviona chini mviache hapo hapo vilipolala, maana kigae kikitoka mahali pake hakina tena la kumwambia mchimbaji. Na kila mmoja aje na swali moja ambalo sijawahi kuulizwa.

"Nianze sasa hivi, mjomba?"

Anza.

"Waliokuwa wakibeba mawe na kuchota maji ng'ambo, wao walilala kwenye nyumba za mawe?"

Aa, mwanangu. Sogea tena, swali hili linataka usiku wake peke yake. Wengi wao walilala kwenye nyumba za miti na udongo, zile zisizoacha gofu. Siku hizi wachimbaji Tumbatu na Mkokotoni wameanza kuzitafuta hizo nazo, kwa kufuata sakafu iliyokanyagwa, majivu ya jiko, miiba ya samaki.